MSHAIRI, KITABU NA UMMA: FUNDISHO LA MNYAMPALA NA NGONJERA KWA MAHALI KAMA LEMBENI

UTANGULIZI

Katika historia ya mapambano ya utamaduni nchini mwetu liko swali ambalo makada wengi hulipita bila kulisimamia. Mshairi akishatoa kitabu chake, je, amemaliza kazi? Au kitabu ni mwanzo tu wa kazi nyingine, ngumu zaidi, ya kuwafanya watu wa mahali fulani watunge wao wenyewe, wasomeane, wakosoane na kurithishana? Swali hili si la wanafasihi peke yao. Ni swali la siasa, kwa sababu ndani yake mna swali lingine: nani mwenye haki ya kusema mbele ya umma, na nani kazi yake ni kusikiliza tu?

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mahali maalumu. Lembeni ni mji mdogo ulio tambarare, chini ya milima ya Upare Kaskazini, kati ya Same na Mwanga. Si Lamu wala Pemba wala Pangani, na vitabu vya historia ya ushairi havina sura inayouhusu. Lakini nchi yetu kwa sehemu kubwa ni nchi ya akina Lembeni. Ikiwa ushairi wa Kiswahili ni mali ya taifa zima, hapana budi tuweze kueleza unafikaje kwenye kituo kidogo cha reli, na ukishafika unaishije hapo.

Ili kulijibu swali hilo tutaangalia maisha na maandishi ya Mathias Mnyampala wa Dodoma, chama cha washairi alichokitumikia, yaani UKUTA, na aina ya utungo aliyoieneza, yaani ngonjera. Katika historia hiyo mna ushindi mkubwa, na mna kosa pia. Yote mawili yana fundisho.

RELI, GAZETI NA JAMII YA KWANZA YA WASHAIRI WA BARA

Wajerumani waliijenga reli ya kutoka Tanga kwa faida yao. Ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya milima ya Upare. Shabaha yake ilikuwa kuchukua mazao ya walowezi, na katika tambarare za Upare mkonge ulipandwa kando ya njia hiyo. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipita hapo hapo yakipigana vita visivyowahusu wenyeji. Hivyo, kwa watu wa Lembeni, reli ilikuja kwanza kama chombo cha unyonyaji na vita.

Lakini historia ina ukinzani wake. Chombo kile kile kilicholetwa kunyonya kilichukua pia barua, vibarua wa makabila mbalimbali, na lugha yao ya pamoja. Mlimani watu walisema Chasu, na huko Ugweno Kigweno. Kwenye stesheni na katika mashamba ya mkonge Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, na baadaye kikawa lugha ya malalamiko ya pamoja.

Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ilianzisha gazeti la Mambo Leo. Lilikuwa gazeti la watawala, na habari zake zilichujwa. Hata hivyo lilikuwa na nafasi ya mashairi, na nafasi hiyo wananchi waliigeuza kuwa uwanja wao. Karani wa stesheni, mwalimu wa shule ya msingi, mpishi, askari na mtunza ghala, kila mmoja aliweza kutuma beti zake, mara nyingi kwa jina la lakabu, na mtu wa mkoa mwingine akamjibu katika toleo lililofuata. Watu ambao hawakupata kuonana hata siku moja walifumbiana mafumbo, walitoleana changamoto na kusahihishana mizani.

Hiyo ndiyo jamii ya kwanza ya washairi iliyovuka mipaka ya pwani na kuenea bara. Baadaye magazeti ya Ngurumo, Uhuru na Mzalendo yaliendeleza desturi hiyo, na Radio Tanzania ikaongeza kipindi chake cha Malenga Wetu. Tukumbuke basi kwamba kabla mshairi wa bara hajawa na kitabu, alikuwa na wenzake. Jamii ilitangulia diwani.

AMRI ABEDI: SHERIA KAMA MLANGO

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi pamoja na diwani yake. Kabla ya hapo elimu ya kutunga ilipatikana kwa kukaa karibu na fundi, au kwa kuzaliwa katika nyumba ya mafundi. Amri aliiandika kwa maneno ya wazi: mizani ni nini, vina vya kati na vya mwisho vinakaaje, kituo kina kazi gani, mtungaji aepuke makosa yapi. Kijana wa bara aliyesoma madarasa manne aliweza sasa kukaa na daftari, akahesabu mizani kumi na sita za kila mstari, akajua mwenyewe kama shairi lake limesimama au linachechemea.

Kuna wasomi waliokuja kuzilaumu sheria hizo kwamba ni pingu. Katika miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walipotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, mabishano juu ya vina na mizani yalikuwa makali. Hatuna haja ya kuyarudia yote hapa. Tuseme tu kwamba sheria ile ile ni mlango kwa mmoja na ukuta kwa mwingine. Kwa mtu asiye na mwalimu, kanuni iliyoandikwa ni ukombozi, kwa sababu inamwondoa katika utegemezi wa kumwomba fundi. Lakini kanuni hiyo ikishikwa na kikundi kidogo kwa ajili ya kuwafukuza wengine, inageuka kuwa chombo cha ubwana. Tofauti haimo katika kanuni. Imo katika swali la nani anaishika, na kwa faida ya nani.

MNYAMPALA NA VITABU VYAKE

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, karibu na Dodoma. Alikuwa Mgogo, Mkristo Mkatoliki, na Kiswahili hakikuwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Katika maisha yake alifundisha dini, alikuwa karani, alikuwa liwali, na baadaye hakimu. Hakupata kuishi kwa kalamu. Vitabu vyake vyote aliviandika akiwa mtumishi mwenye kazi nyingine mchana.

Mwaka 1954 ilitoka historia yake ya mila na desturi za Wagogo. Mwaka 1961 kilitoka Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili. Mwaka 1963 ilitoka Diwani ya Mnyampala. Aliandika pia tenzi ndefu za dini. Ukivipanga vitabu hivi kwa utaratibu unaona mwendo wa fikra. Alianza kwa kuwaandika watu wake wa nyumbani, kisha akaingia katika lugha ya taifa, na humo hakuingia kama mgeni anayeomba radhi. Alizishika kanuni za pwani kwa ukamilifu uliomfanya akubalike kwa mafundi wa pwani wenyewe. Kwa kijana wa Usangi au wa Lembeni, mfano huo una uzito kuliko hotuba kumi. Unamwambia kwamba ushairi wa Kiswahili hauna kabila wala dini, na hauombi cheti cha kuzaliwa ufukoni.

Lakini tusisahau njia ya uchapishaji wenyewe. Mwandishi wa bara wakati huo alipeleka mswada wake kwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948 na ambalo makao yake yalikuwa Nairobi. Huko ndiko ulikoamuliwa. Mswada uliopita ukawa kitabu. Mswada uliokwama ukabaki sandukuni. Mnyampala mwenyewe aliacha miswada mingi ambayo haikupata kuchapishwa katika uhai wake, na masimulizi ya maisha yake mwenyewe yalikaa zaidi ya miaka arobaini baada ya kifo chake ndipo yakachapwa. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mtu mashuhuri, mtu wa kijijini angetarajia nini? Ni dhahiri kwamba jamii ya washairi inayongoja kiwanda cha vitabu ndipo ianze kuishi, haitaishi.

UKUTA, AZIMIO LA ARUSHA NA KUZALIWA KWA NGONJERA

Mnyampala aliona jambo hilo. Ndiyo maana, pamoja na kuandika, alifanya kazi ya kukusanya watu. Akiwa na wenzake, Amri Abedi miongoni mwao, alikijenga chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, yaani UKUTA, akawa mmoja wa viongozi wake wakuu. Jina hilo lenyewe lilikuwa fumbo zuri: ukuta wa kuilinda lugha. Amri alifariki mwaka 1964, lakini chama kilikuwa kimekwisha kupata mizizi.

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alikutana na washairi akawataka watumie kipaji chao kulieleza Azimio kwa wananchi. Kazi haikuwa ndogo. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila mia walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Azimio lilikuwa limeandikwa. Umma ulikuwa wa kusikia. Diwani nzuri kuliko zote isingeweza kuziba pengo hilo.

Jibu la Mnyampala lilikuwa ngonjera. Alichukua desturi ya zamani ya kujibizana kwa mashairi, ambayo pwani ilijulikana tangu enzi za akina Muyaka wa Mombasa na kabla yao, akaitoa kwenye karatasi na kuisimamisha uwanjani. Badala ya mshairi mmoja kusema peke yake, wanasimama wawili, au makundi mawili. Mmoja hajui au anapinga. Mwingine anajua na anafafanua. Wanajibizana ubeti kwa ubeti, kwa vina na mizani, kwa sauti na kwa ishara, hata mwisho asiyejua anaelewa na wote wanakubaliana.

Tazama ubora wa mbinu hii kwa upande wa vifaa. Haihitaji jukwaa, taa wala mavazi. Nakala moja ya kitabu inatosha shule nzima, kwa maana watoto wanajifunza kwa moyo. Asiyejua kusoma anaweza kushiriki, na vina vyenyewe humsaidia kukumbuka. Kwa hiyo mtoto aliyeifanya ngonjera shuleni aliirudisha nyumbani mdomoni mwake, bila gharama ya posta. Vitabu viwili vya Ngonjera za Ukuta vilitoka mwaka 1970 na 1971, navyo vikaenea mashuleni na katika mikutano nchi nzima. Mnyampala hakuviona. Alifariki mwezi wa Juni 1969.

KOSA: NGONJERA ISIYO NA MALUMBANO

Hapa hatuna budi kujikosoa. Leo neno ngonjera lina maana mbili. Katika kamusi ni utungo wa kujibizana. Mitaani mtu akimwambia mwenziwe aache ngonjera, maana yake ni kwamba aache maneno mengi yasiyo na kitu. Umma haugeuzi maana ya neno bila sababu. Kulikuwa na nini?

Kwanza, mwisho wa ngonjera ulijulikana kabla haijaanza. Mjinga angeshindwa na mjuzi angeshinda. Kwa somo jipya, kwa mfano faida ya kuchemsha maji ya kunywa, hilo halina ubaya. Lakini kwa mambo ambayo wananchi walikuwa na hoja zao halisi, kama vile bei ya mazao, namna ya kuhamia vijijini au mwenendo wa kiongozi fulani, yule mpinzani wa kwenye ngonjera aliandikiwa hoja dhaifu ili apate kushindwa. Wananchi waliokuwa wakisikiliza walizijua hoja zenye nguvu, nao walijua kwamba hazikusemwa.

Pili, ngonjera ilihama kutoka kwa wananchi ikaenda kwa wageni. Watoto walifundishwa kwa wiki nzima ili wamsomee mgeni wa heshima kwa dakika kumi. Sifa zikaongezeka, mafunzo yakapungua. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikataa ubwana wa viongozi juu ya wananchi. Lakini ni viongozi wangapi walioketi kivulini wakisifiwa kwa vina na watoto waliosimama juani, bila kuona kwamba hapo pana ubwana?

Tatu, chama cha washairi kilitegemea mno kualikwa. Mshairi aliyezoea kuitwa na ofisi alisahau kukutana na mshairi mwenzake pasipo mwaliko. Miaka ya 1980 ilipoleta uhaba wa karatasi na wa fedha, na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki likawa limekwisha kuondoka pamoja na Jumuiya iliyovunjika mwaka 1977, mialiko nayo ikapungua, na mahali pengi hapakubaki kitu.

Wako watakaosema kwamba kosa ni kuuingiza ushairi katika siasa. Hatukubaliani nao. Muyaka alikuwa mshairi wa siasa. Saadani Kandoro alikuwa mshairi na mpigania uhuru kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemwona kuwa dhaifu. Kosa halikuwa siasa. Kosa lilikuwa kuondoa ubishi ndani ya siasa, na kubakiza makofi.

UPARE UNA NINI CHA KUANZIA?

Turudi Lembeni. Wako wanaodhani kwamba mahali pasipokuwa na diwani zilizochapwa hapana msingi. Historia ya Upare inakanusha.

Katika miaka ya vita kuu ya pili utawala wa kikoloni ulileta Upare kodi mpya ya kukadiria mali ya kila mtu, wakaiita kwa jina la kale la mbiru ili ionekane kuwa ni desturi ya wenyeji. Watu hawakudanganyika. Mwaka 1945 maelfu walishuka kutoka milimani mpaka bomani Same, wakakaa huko kwa miezi wakidai kodi ile iondolewe. Wanawake nao waliandamana. Hawakutumia silaha, hawakuamriwa na chama chochote cha siasa, kwa kuwa TANU ingezaliwa miaka tisa baadaye. Mwishowe kodi ile iliachwa, na mwaka 1946 Wapare waliunda umoja wao.

Kwa nini tunaitaja Mbiru katika makala ya ushairi? Kwa sababu inathibitisha kwamba watu wa milima ile waliweza kujikusanya, kujilisha, kupokezana zamu, na kushindana kwa hoja na serikali yenye bunduki na makarani. Zaidi ya hayo, walitambua kwamba neno lao wenyewe lilikuwa limeibwa na kupewa maana ya mtawala, wakakataa. Kulinda maana ya neno ni kazi ya mshairi pia. Watu waliofanya hivyo wana msingi wa ushairi kabla ya kufungua kitabu chochote.

MAMBO MANNE YA KUSHIKA

Kutokana na historia hii tunaweza kutoa maelekezo machache kwa kada au mwanafunzi anayetaka kusaidia washairi wa mahali kama Lembeni.

Kwanza, aanze na mkutano, si na kitabu. Watu watano wanaokutana kila mwezi na kusomeana ni jamii. Diwani moja iliyofungiwa kabatini si jamii. Kitabu kije kama matunda ya mkutano, na mshairi aliyetangulia kuchapisha awe mwalimu wa wengine, asiwe mfalme wao.

Pili, kanuni zifundishwe kwa wote, na zisitumike kumfukuza yeyote. Afundishwe anayetaka vina na mizani, na apewe nafasi anayeleta wimbo wa Chasu au utungo huru. Mnyampala hakuukana Ugogo wake ili awe mshairi wa Kiswahili. Aliandika habari zake kwanza.

Tatu, malumbano yawe ya kweli. Wakijibizana mkulima na mfugaji juu ya maji na malisho, kila mmoja aandike hoja zake mwenyewe, na mwisho usipangwe na mtu wa tatu. Kama kiongozi yupo, asikilize mpaka mwisho, kwa kuwa hapo ndipo atakaposikia yale ambayo taarifa za ofisini hazimwambii. Chama ambacho tangu mwaka 1992 kinashindana na vyama vingine kwa kura kina haja kubwa zaidi ya masikio ya namna hiyo.

Nne, pawe na daftari la pamoja. Kila utungo uandikwe, pamoja na jina la mtungaji, siku na mahali. Miswada mingi ya washairi wetu imeliwa na mchwa kwa sababu kila mmoja alitunza yake peke yake. Daftari linalokabidhiwa kutoka mkono hadi mkono, au nakala iliyowekwa katika maktaba ya shule, inagharimu kidogo kuliko karamu moja ya mgeni rasmi.

HITIMISHO

Mnyampala alituachia vitu viwili. Alituachia vitabu, na alituachia njia ya kuwafanya watu waseme wao kwa wao kwa sauti. Vitabu tumevihifadhi, japo si vyote. Njia ile tuliipokea kwa furaha, kisha tukaikata ulimi kwa kumwondolea mpinzani hoja zake. Ndiyo sababu neno lake likageuka kuwa neno la kejeli.

Inawezekana kulirudishia heshima. Mwezi wa Desemba 2019 treni ya abiria ilianza tena kupita katika reli ile ya Upare, baada ya njia hiyo kukaa bila abiria kwa zaidi ya miaka ishirini. Reli haikuwa imekufa; ilikuwa imeota majani, na watu wakaifyeka. Ushairi wa vituo vidogo nao hauhitaji kuvumbuliwa upya. Unahitaji watu wa kuifyeka njia, na viongozi watakaokubali kukaa benchi moja na wasikilizaji wengine, hata siku ambayo ubeti unaosomwa unawahusu wao.